Mbili ni Mbili

Baba alikuwa gadi wa treni. Saa yake ya kazini aliivaa upande wa ndani wa mkono, ili akiinua bendera aione bila kujipinda. Ilikuwa na uso mweupe, tarakimu nene nyeusi, na mgongoni imechongwa namba yake ya kazi. Kabla ya kila safari aliilinganisha na saa kubwa ya stesheni. Nyumbani hakuna aliyethubutu kuigusa.

Mama hakwenda shule. Baba alijaribu kumfundisha kusoma saa, wakaishia kununiana.

"Mshale mfupi ukiwa kwenye nane, sema saa mbili."

"Kwa nini nione nane niseme mbili? Huo si uongo?"

"Ndivyo saa zilivyo, mke wangu."

"Basi zimezoea vibaya."

Siku aliyostaafu, baba alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, akavuta kitufe cha ubavuni mwa saa, akazungusha mishale mpaka saa mbili ikasomeka mbili. Mimi nilikuwa mdogo, nachambua mchele pembeni yake.

"Huko nilisoma saa za kazi," alisema. "Sasa niko nyumbani. Wewe Kimya, usimwambie mama yako. Mwache aone ameweza mwenyewe."

Aliniita Kimya kwa uchache wa maneno yangu. Nadhani ndiyo maana siri alinipa mimi, hakumpa kaka.

Haikupita wiki, mama akasimama mbele ya saa iliyoning'inia msumarini. "Saa nne," alisema polepole, kama mtu anayeonja uji wa moto. Baba alipiga makofi mpaka kuku wakakimbia.

Baba alipofariki, saa ikahamia mkononi mwa mama. Aliitia ufunguo kila alfajiri, na mtaa mzima ukawa unamuuliza yeye. Jirani yetu fundi cherehani, shoga yake mama mwenye simu mbili, alikuwa hakosi kupaza sauti juu ya ukuta: "Mama Gadi! Huko stesheni saa ngapi?"

"Saa tatu kasoro, na wewe hata uso hujanawa!"

Kisha wote wawili wanacheka, siku imeanza.

Mwezi uliopita kaka alikuja likizo. Aliona kioo cha saa kimepasuka, akaipeleka kwa fundi saa bila kuambiwa, maana ana moyo mzuri. Niliporudi kutoka kwa dobi, ninakopiga pasi, mama alikuwa ameshaivaa. Kioo kiling'aa. Tulikula tukalala.

Asubuhi fundi cherehani akaita kama kawaida.

"Saa tisa!" mama alijibu.

"Tisa? Jua halijafika hata utosini! Shoga, leo treni yako imepitiliza vituo vingapi?"

Alicheka sana. Mama hakucheka. Aliitazama saa, akaushusha mkono wa gauni mpaka ukaifunika.

Kaka alikuwa anapiga mswaki uani, akasikia. Aliniita jikoni.

"Umemsikia? Bibi alianza hivi hivi. Leo saa, kesho atasahau moto jikoni."

"Labda..." nilianza.

"Hakuna labda. Jumapili naondoka naye. Nyumba tutaipangisha."

Mimi mwenyewe nilikuwa bado sijaelewa kilichotokea.

Nilimkuta mama chumbani, kakaa kitandani, mkono juu ya goti.

"Ni nzima," alisema. "Kaka yako ameihakikisha na simu yake, ndipo akaniambia Jumapili naondoka naye. Inapiga vizuri, sikiliza. Basi mbovu ni mimi." Akalainisha shuka kwa kiganja. "Mwanangu, siku nikilisahau jina lako, usinicheke. Niambie tu, taratibu."

Alininyooshea mkono nisikilize. Nikaona mshale mfupi umekaribia kumi, na dirishani bado ni asubuhi. Nikaelewa: fundi saa ameirudisha kwenye saa za kazi.

Ningeweza kumwambia pale pale. Lakini kumwambia ni kumnyang'anya ile saa nne yake, na makofi ya baba.

"Mama, nenda ukaoge," nilisema. "Nipe niifute, ina vumbi."

Alipoingia bafuni nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, nikavuta kitufe. Nilikuwa bado nazungusha kaka aliponitokea.

"Unafanya nini? Fundi saa ameiweka sawa kabisa hiyo! Ilikuwa imepotea, hata sielewi ilikuwa inasoma nini."

"Ilikuwa inasoma saa."

"Saa ya wapi?"

"Ya hapa nyumbani." Nilimweleza yote kwa kunong'ona, bila kuinua macho. Sidhani kama nimewahi kusema maneno mengi hivyo kwa mkupuo. Nilipomaliza, alikuwa amechuchumaa mbele yangu.

"Baba alifanya hivyo?"

"Alifanya."

"Na mimi nilitaka kumhamisha mama..." Alitoa simu yake mfukoni, akanishikia usawa wa macho. "Weka dakika vizuri, basi. Gadi hapendi kuchelewa."

Mama alitoka na maji yakimtiririka shingoni. Nilimfunga saa mwenyewe, upande wa ndani wa mkono. Hakuitazama. Aliketi, akaanza kukunja nguo zake za kusafiria.

Fundi cherehani akaita tena, safari hii kwa sauti ya chini kidogo. "Mama Gadi? Saa ngapi?"

Mama alinitazama mimi. Nikatazama chini. Ndipo akaugeuza mkono, akaufuata mshale mfupi kwa kidole.

"Saa nne?" alisema hatimaye, akimuuliza kaka.

Kaka alikuwa na simu kiganjani. Aliirudisha mfukoni bila kuiangalia.

"Wewe ndiye mwenye saa, mama."

Mama aliinuka, akaiacha nguo nusu imekunjwa, akaenda ukutani.

"Saa nne!" alipaza sauti. "Saa nne na dakika zake, na mdomo wako huo tangu asubuhi haujapumzika!"

Upande wa pili cherehani ilisimama, kicheko kikaanza.