Siku Walipowashusha Watoto

Baraza la Wilaya lilikuja kutazama watoto wetu katika mwezi wa ndege. Kosa lilikuwa la Jumbe Sebastiani mwenyewe. Walipoleta habari kutoka Mahenge kwamba watafika mwezi wa tano, aliitikia ndiyo, ndiyo, maana hakupenda kuwapangia wakubwa. Na kila mtu wa bonde hili anajua kwamba mpunga ukishaanza kushika maziwa, kijiji kinahama. Tunakwenda mbugani wote, tunakaa juu ya madungu yetu ya miti, tunaamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, mpaka siku ya kuvuna. Kijijini wanabaki wazee wasioweza kupanda ngazi, na kuku, na yule aliyetumwa chumvi.

Siku ile aliyetumwa chumvi nilikuwa mimi.

Nikawakuta wageni barazani kwa Jumbe, wanaume watatu, viatu vimelowa. Aliyekuwa akisema ni Bwana Ildefonce, mkaguzi wa shule. Nikapiga goti.

"Shikamooni."

"Marahaba. Binti, wewe umesoma?"

"Mpaka darasa la nne, bwana. Ifakara, kwa shangazi."

"Vizuri. Na watoto wa hapa wako wapi?"

"Mbugani, bwana."

Akamgeukia Jumbe. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. "Mzee wangu, Baraza lina mabati ya shule moja na mwalimu mmoja. Nikirudi nikasema nimeona kuku, vyote vitakwenda upande wa Malinyi, nami sitakuwa na la kusema."

"Watoto wapo, bwana. Wapo wengi mno!"

"Nionyeshe basi. Lori letu linavuka mto jioni."

Kwenye baraza ya nyumba ya pili Bibi Verediana alikuwa akisuka mkeka. Akacheka mpaka akakohoa. "Waacheni waende zao! Hiyo shule itaamia ndege?"

Mimi nilikuwa namfikiria Apolonia, mdogo wangu. Nilisoma kwa sababu shangazi alikuwapo Ifakara, na shangazi sasa ni marehemu. Apolonia alikuwa na miaka tisa hivi. Akiikosa shule hii, hakuna nyingine ya kumngoja.

"Rosa," Jumbe akaniambia, "kimbia kwenye dungu la mama yako. Mwambie awaite."

Dungu letu ndilo la kwanza ukitoka kijijini. Nikakimbia, maji yakinifika magotini. Mama yangu, Kandida, alikuwa amesimama juu na kombeo mkononi. Baba alikuwa kwenye mkonge huko Kimamba, kwa hiyo shamba lile lilikuwa la mama peke yake. Nikamweleza yote kutoka chini. Akatazama mpunga. Akatazama juu.

"Na ndege?"

Wanaoamia ndege ni watoto. Ukiwaita watoto, umewaita na ndege.

Mama akaweka mikono mdomoni.

"Haaaya! Haya! Leteni watoto kwa Jumbe! Watoto wote kwa Jumbe!"

Nimekaa madunguni tangu nikibebwa mgongoni, na kelele za kufukuza ndege nimezisikia kila mwaka, lakini sikuwahi kuzisikia zikibeba neno. Dungu la pili likaitika: watoto wote kwa Jumbe! La tatu likapokea. Sauti ya mwanamke, sauti ya mvulana, sauti ya mzee iliyopasuka, kila moja ikimpa mwenzake, ikapita juu ya mpunga kuelekea mtoni, ikawa nyembamba, mpaka mimi sisikii tena na bado najua inakwenda. Nilikuwa sijui kwamba bonde zima linaweza kuwa na koo moja.

Tukangoja. Halafu mpunga ukaanza kutikisika mahali pasipo upepo. Huku, na kule, na kule mbali. Vikatokea vichwa. Wengine walikuja kwa mitumbwi, wamebanana, matope mpaka kiunoni. Na mama zao nyuma yao. Nikafuatana nao kurudi kijijini, na uwanja wa Jumbe ukajaa, wakawa wanasimama mpaka kwenye mihogo.

Bwana Ildefonce alisimama.

"Wote hawa?"

"Wengine bado wako njiani," Jumbe akasema, naye sasa kifua kimempanda.

Mkaguzi akaanza kupita kati yao taratibu, akiwashika vichwa. Alipofika kwa wasichana akasita. Karibu kila msichana alikuwa na mtoto mgongoni. Apolonia alikuwa amembeba Viktor, mdogo wetu wa mwisho, ambaye alikuwa mzito kama gunia na amelala.

"Wenye watoto mgongoni wasimame kule," akasema.

Wakasogea. Upande uliobaki ukawa wavulana watupu, nao hawakuwa wengi.

"Hawa hawatoshi shule," Bwana Ildefonce akasema polepole. "Na wale siwezi kuwaandikisha. Mwalimu ni mmoja. Vichanga vikianza kulia darasani, atamfundisha nani?"

Alisema kweli. Nikamtazama Apolonia. Alikuwa anachezea matope kwa dole gumba la mguu, kama mtu aliyekwisha kuambiwa.

Ndipo Bibi Verediana akainuka. Akauburuta mkeka wake ambao haujakwisha, akautandika katikati ya uwanja, akaketi, akanyoosha miguu.

"Lete huyo."

Apolonia akanitazama. Nikaifungua mbeleko kifuani pake, nikamweka Viktor kwenye mapaja ya bibi.

"Bibi," Jumbe akasema, "si wewe uliyesema shule haiamii ndege?"

"Nimesema, na haiamii! Lakini huyu binti amebebeshwa mtoto hata meno ya utoto hajamaliza kung'oa. Acha mgongo wake upumue wakati mnamtazama."

"Leo sawa, bibi," mkaguzi akasema. "Na kesho? Na kesho kutwa?"

"Kesho nina safari gani mimi? Kwa magoti haya? Unadhani nitapanda lori lako nikatembee Dar es Salaam?"

Watu wakaangua kicheko, na mkaguzi naye. Bibi mwingine akatoka na mkeka. Na mwingine. Wasichana wakaanza kufungua mbeleko, mmoja baada ya mwingine, wakiwashusha watoto mikekani.

Nilichokiona hapo sijakisahau. Wasichana walinyooka. Apolonia alikuwa mrefu, nami dada yake sikujua. Kaniki yake ilikuwa na alama ya jasho mgongoni, umbo la mtoto mzima, na mikono yake ilibaki nyuma imefumbatana, ikishika hewa. Alikuwa hajui aiweke wapi.

"Jamani, tazameni mbugani!" mtu akasema.

Tukageuka. Kwelea walikuwa wamekuja. Walipanda kama moshi, wakapinda wote kwa pamoja, wakashuka juu ya mashamba yetu, na sauti ya mabawa ikatufikia pale uwanjani kama mvua ya mbali. Nikamshika mama mkono.

"Mama, shamba letu."

"Naliona."

Hakukimbia. Hakuna mama aliyekimbia. Walisimama nyuma ya watoto wao wakitazama chakula cha mwaka kikiliwa, na hakuna aliyemwita mwanawe. Wale wanaume watatu wa Baraza walitazama ndege, wakawatazama wanawake. Bwana Ildefonce akavua kofia. Nadhani hakujua kwamba ameivua.

Wale watatu wakajitenga wakanong'onezana. Mkaguzi aliporudi aliongea na Jumbe, lakini macho yake yalikuwa kwa akina mama. "Jengeni kwanza nyumba ya wachanga. Miti, udongo na nyasi, kwa mikono yenu, karibu na mahali pa darasa. Nikirudi mwezi wa nane nikaikuta, mabati yanashuka hapa. Na mwezi wa ndege shule itafungwa, hilo nitalisemea mwenyewe mbele ya Baraza la Wilaya. Sasa rudini mkaokoe kilichobaki."

Tulikimbia wote, na mkaguzi wa shule nyuma yetu akipiga makofi na kupayuka kama mtoto wa bondeni.

Mwaka ule tulivuna kidogo, tukala mihogo mpaka tukaichukia. Lakini nyumba ya wachanga ilisimama kabla ya mwezi wa nane, na mabati yakaja. Mimi nikawekwa pale kuwasaidia akina Bibi Verediana.

Siku ya kwanza ya shule Viktor alilia. Kati yetu na darasa palikuwa na ukuta wa fito tu, udongo ulikuwa haujakandikwa, nikamwona Apolonia akisimama, mikono tayari nyuma.

"Keti, mama," mwalimu akamwambia.

Akatazama upande wetu. Viktor alikuwa mapajani kwa bibi, akipiga kelele za kuuawa, na bibi akimtukana taratibu kwa kumbembeleza. Apolonia akasikiliza kidogo. Kisha akaketi, akaishika chaki yake.