Fundi Mmanga na Miguu ya Machano

Katika mtaa mzima wa Mkunazini hakuna aliyewahi kuliona gari la mashindano la Fomula kwa macho yake, lakini Mmanga fundi baiskeli alikuwa na uhakika na magari hayo kuliko wenyewe walioyaunda. Shemeji yake baharia alimletea magazeti ya picha kutoka Ulaya, yamechakaa na yamechelewa miezi minne mitano, naye akiyasoma kwa kidole, maneno magumu akiyaruka, ya rahisi akiyatilia chumvi. Mteja aliyekuja kuzibiwa pancha aliondoka na mpira mzima na kichwa kinamuuma.

Ramadhani moja, mwaka 1966 ulikuwa ndio kwanza umeingia, gazeti lilikuja na habari za kijana mmoja wa Kiskochi na gari lake la kijani lenye mstari wa manjano. Mashindano sita ya mwaka kayachukua yeye. Watu waliokaa barazani kwa Mmanga wakisubiri magharibi waliitazama picha na kumsifu yule kijana.

"Mnamsifu bure," Mmanga alisema, na spana bado mkononi. "Dereva ni abiria aliyekaa mbele, basi. Kinachoshinda ni gari. Timu ikishapata injini nzuri na bodi nyepesi, wengine wote wanakwenda kula vumbi. Mpeni gari lile mtu yeyote, mimi nawaambia, atashinda!"

Sleiman, karani wa posta, akamchokoza. "Na resi zetu je, fundi? Anashinda Machano au inashinda baiskeli?"

Hapo watu waligeuza shingo, maana Machano mwenyewe alikuwa amekaa pale pale. Kazi yake ilikuwa kupeleka mikate madukani kwa baiskeli, na Sikukuu tatu za Idi mfululizo, ndogo na kubwa, ndiye aliyeshinda resi ya baiskeli ya Mnazi Mmoja. Baiskeli aliyoshindia aliiunda Mmanga kwa mikono yake: fremu ya Kiingereza, magurudumu mepesi, kila spoki kaikaza mwenyewe. Wawili hao walisoma chuo kimoja cha Kurani na walitahiriwa siku moja. Mtu mwenye akili angejibu kwa mzaha na kuendelea na kazi yake. Lakini Mmanga alikuwa na saumu, na maneno yalikwisha kumpanda kichwani.

"Hata gunia la mbata," alisema, "ukilifunga vizuri juu ya baiskeli ile, litafika la mwanzo."

Baraza nzima ikacheka. Machano hakucheka. Asubuhi ya pili aliileta ile baiskeli, akaiegemeza ukutani kwa taratibu, wala hakutoa salamu.

"Mpe mtu mwengine," alisema. "Mie Sikukuu hii ntashindana kwa ile ya mikate."

Mmanga alijua papo hapo kwamba amekosa. Neno moja la samahani lingetosha, nalo lilikwisha fika ncha ya ulimi, lakini shingo yake ilikuwa ngumu, na isitoshe aliamini kweli kwamba anayosema ni sawa. Baiskeli akampa Sleiman, ambaye katika resi zote alizoingia hajawahi hata mara moja kufika miongoni mwa kumi wa mwanzo.

Mkewe, Biasha, alisubiri mpaka wakati wa futari siku hiyo, mdomo wa Mmanga umejaa tambi.

"Basi kesho chungu changu hiki mpelekee Sleiman atupikie," alimwambia. "Tuone kama chungu ndicho kinachopika."

Mmanga akaendelea kutafuna.

"Na ukishinda, bwana, utakuwa umeshinda nini? Rafiki mwenyewe ndio huyo mmoja."

Na kweli Machano hakupita tena. Mikate ya mtaa ilizungushiwa njia ya nyuma, na kila kengele ya baiskeli ilipolia Mmanga aliinua kichwa, akakiinamisha tena. Siku tisa zilikwenda hivyo. Mtu wa kumwambia habari za injini alikuwepo, wa kumbishia kama Machano hakuwepo.

Sikukuu Pili, siku ya pili ya Idi, Mnazi Mmoja ilijaa watu na nguo mpya, na watoto wamepakaa ubuyu mpaka masikioni. Washindani walijipanga: kwenda Bububu na kurudi. Sleiman alikaa juu ya ile baiskeli nyepesi kama karani aliyekalia kiti cha mkubwa wake. Machano akaja na baiskeli ya Kichina, nzito, sanduku la mikate kaliondoa lakini karia ya chuma ipo pale pale, na cheni inalia kwii, kwii. Mikono ya Mmanga ilimwasha. Alichukua kopo la mafuta akamsogelea.

"Machano, cheni hiyo haina mafuta hata tone."

"Iache," Machano alimjibu bila kumtazama. "Mie abiria tu."

Wakaondoka. Mmanga alibaki na kopo lake, kanzu yake mpya ya Sikukuu ishaingia doa. Baada ya muda kijana mwenye Vespa alirudi mbio na habari: Sleiman wa mwanzo, kawaacha wote mbali! Watu wakamgeukia fundi, wengine wakampa mkono.

"Nshasema mie," aliwajibu. Alifurahi, wala tusimsingizie. Alifurahi sana kwa muda wa kama dakika tano hivi.

Kisha wakatokea upande wa Darajani. Sleiman mbele, anahema, baiskeli inateleza kwa utamu. Nyuma yake kundi. Na nyuma kabisa ya kundi, akaonekana Machano.

Mmanga alipanda juu ya benchi. Aliona Machano amejificha nyuma ya mgongo wa jamaa mmoja mpana, asipigwe na upepo. Aliona anatoka, anampita mmoja, anajificha tena nyuma ya wa pili, anapumua, anatoka tena. Kwenye kona wengine walishika breki. Yeye aliinama tu akakata kwa ndani, karibu na ukingo wa barabara, pembamba pale pasipopita hata paka. Baiskeli ile Mmanga alikuwa akiijua vizuri, alishaitengeneza mara ishirini. Haikuundwa kwenda vile. Haikuwa na uwezo wa kwenda vile. Kwa hiyo, nini kilichokuwa kikiipeleka?

"Kanyaga!" alisikia mtu anapiga kelele. "Kanyaga, Machano! Kanyaga, ndugu yangu!"

Aliyekuwa akipiga kelele ni yeye mwenyewe. Alikwisha ruka kutoka kwenye benchi, kanzu kaikusanya mkononi, anakimbia sambamba na baiskeli, kubadhi moja limembakia mguuni, anaomba kwa moyo wake wote gurudumu aliloliunda mwenyewe lishindwe. Upande wa wanawake Biasha alicheka mpaka akamshika jirani yake asianguke.

Halikushindwa. Sleiman alifika wa mwanzo, kamzidi Machano nusu ya gurudumu. Watu wakambeba karani juu juu, naye haamini, analia na kucheka. Kisha wote wakamgeukia Mmanga, maana fundi kashinda ubishi wake, na walijua maneno yake siku hiyo yatakuwa marefu.

Mmanga aliwapita moja kwa moja. Machano alikuwa amejilaza majanini, kifua kinapanda na kushuka. Mmanga akapiga magoti mbele yake.

"Nisamehe, Machano. Tangu Sikukuu ile ya mwanzo nilikuwa nikitazama baiskeli. Leo ndio nimekutazama wewe."

Machano akaanza kucheka, pumzi hazimtoshi, kicheko kinakatikakatika.

"Nimechoka, fundi. Miguu haipo."

"Panda," Mmanga alisema.

Akaishika ile baiskeli ya mikate, Machano akapanda juu yake, na Mmanga akamsukuma kutoka Mnazi Mmoja mpaka mtaani, mguu mmoja mtupu, kanzu yote mafuta. Wazee wasioweza kufika uwanjani walikuwa wamekaa milangoni, wakawapigia kelele.

"Fundi, nani kashinda?"

"Kashinda Sleiman," Mmanga alijibu kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. "Lakini dereva ni huyu."