Nani Ataikalia Mashine

Dada yangu ana karakana ya milango na madirisha ya alumini, na tangu maghorofa yaanze kuota kila kona, hatupumui. Alianza na msumeno wa mkono kwenye uwanja wa kuazima. Leo mafundi wanamwita Bosi, na hawamtanii.

Kila mchana chakula hupoa kwa ubishi. Mji unatajirika, mbona wengine wanabadilisha magari na wengine hata viatu hawabadilishi?

"Ni shule, jamani," husema mhasibu.

"Shule gani!" hufoka fundi vioo, mzee mwenye ulimi wa wembe. "Ni kujuana. Huna mtu ndani, utazeekea mlangoni."

Mimi husema ni bidii. Nilianza hapa kwa kufagia, na nimepanda.

Siku moja Dada akaja na habari: amenunua mashine ya kukata inayoendeshwa kwa kompyuta. Atakayeikalia, mshahara mara mbili. Kichwani nilishahamia nyumba yenye maji ndani.

"Nani ataiendesha?" akauliza.

Wote wakanigeukia. Nami nilishaanza kutabasamu.

"Mbona mnamtazama huyu? Ndiye anayekata vizuri kuliko wote?"

Fundi vioo akakohoa. "Bosi, si ni mdogo wako?"

"Basi mzee, leo kwenye ubishi umeshinda wewe," akasema Dada. "Mtafundishwa wote. Atakayekata vizuri zaidi ndiye ataikalia."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe bidii yangu kubwa ilikuwa kuzaliwa naye tumbo moja!

Jioni nikamfuata ofisini, nimevimba kwa hasira. "Umeniaibisha mbele za watu."

"Nimekuaibisha, au nimekunyang'anya ulichodhani ni chako?"

Akajipangusa vumbi la alumini mikononi, akanitazama kwa huruma ambayo sikuitaka.

"Kesho uwahi mafunzo, mdogo wangu. Sitakupunguzia hata kidogo."

Nilijifunza kama mwendawazimu. Mwisho wa mafunzo tukakatishwa fremu, mmoja mmoja. Alishinda fundi vioo. Mhasibu akamuuliza, "Haya, wewe unajuana na nani?" Karakana nzima ikaangua kicheko.

Mimi nilikuwa wa pili. Dada akamkabidhi mzee ufunguo bila kunitupia jicho, ila aliushikilia kidogo kabla ya kuuachia. Nikapiga makofi kwa nguvu kuliko wote, na makofi yale hayakuwa ya mzee, yalikuwa ya Dada.