Jiwe la Tisa la Rusimbi

Mawe yalikuwa kumi na mawili, na kumi na moja yalikuwa yamekwisha kupatikana. Mapadri wa kigeni waliyachonga karibu miaka tisini iliyopita, wakayasimika kuizunguka parokia ya Rusimbi, huko Butihinda, ili kila mtu ajue Rusimbi inaishia wapi na parokia jirani ya Gahororo inaanzia wapi. Kila jiwe lilikuwa na msalaba, namba, na herufi mbili: R upande mmoja, G upande wa pili. Sasa parokia ilikuwa inajiandaa kwa jubilei, na Padri Elias alitaka mawe yote yasafishwe na kubarikiwa. La tisa tu ndilo lililokuwa halionekani.

Aliyepewa kazi ya kuongoza utafutaji alikuwa Kastori, katekista wa kigango. Alikuwa mgane wa miaka hamsini na tisa, mtu makini, anayefunga vifungo vya shati mpaka shingoni hata akiwa anapalilia mihogo. Padri hakukosea kumchagua. Katika parokia nzima, ukimwondoa mtu mmoja, hakuna aliyejua jiwe la tisa liko wapi isipokuwa Kastori. Shida ni kwamba hakuwa amemwambia mtu.

Lilikuwa uani kwa Jovina. Jovina alikuwa akifulia nguo juu yake.

Mambo yalianza mwaka 2008, Jovina aliporudi kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania, mjane mwenye watoto watatu na masufuria mawili. Wengi wa kilima kile walirudi miaka hiyo. Kastori mwenyewe alikuwa amemtangulia kwa miezi michache. Siku moja alipita akamkuta anafua juu ya kipande cha turubai, na kila akisuuza shati, tope linarudi pale pale.

"Nitakutafutia jiwe," Kastori akasema.

Alipanda hadi mgongoni mwa kilima, na katikati ya kichaka akakuta jiwe refu lenye uso bapa, limeegemea upande kama mtu aliyetoka kilabuni. Akaling'oa kwa mtaimbo, akaliporomosha mpaka uani. Lilipogeuka mara ya mwisho ndipo alipoona msalaba na herufi. Wakati huo hakuwa katekista bado. Alidhani ni alama ya barabara ya Wabelgiji wa enzi za ukoloni. Hata hivyo akalilaza maandishi chini. Jovina akampa sahani ya maharage na ndizi. Kastori alikuwa amepanga kumwambia jambo zito siku hiyo. Alipofungua kinywa, akazungumzia mvua. Akaendelea kuzungumzia mvua kwa miaka kumi na sita.

Angesema ukweli mapema, yangekwisha kwa kicheko. Lakini alipokuwa katekista, kilima kilijaa ugomvi wa mashamba kati ya waliorudi na waliobaki, na yeye ndiye aliyetumwa kufundisha kwamba anayesogeza mpaka wa jirani yake anajitafutia laana. Alifundisha vizuri mno. Watu wawili walirudisha vigingi usiku huo huo. Sasa mtu kama huyo aanzie wapi?

Basi Jumamosi ya kwanza aliwaongoza wazee bondeni. Jumamosi ya pili wakavuka mto. Jumamosi ya tatu aliwapeleka mahali ambako hata yeye hakuwahi kufika, wakapotea, wakarudi nyumbani wakiwa wamechoka na hawasemeshani.

Ndipo Padri Elias akamwita Urbano kutoka Gitega. Urbano alikuwa mwalimu mstaafu wa Mushasha, palipo kanisa kuu la Gitega, aliyezipanga karatasi za zamani za tangu enzi ambazo parokia hizi zote zilikuwa chini ya Gitega. Alishuka kwenye pikipiki akiwa na mkoba, utepe wa kupimia, na nakala ya daftari la mapadri.

"Bon," akasema kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kifaransa, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. "Kitabu inasema jiwe ya tisa iko pa mugongo ya kilima, hatua mia mbili juu ya chemchemi. Mulitafuta pale?"

"Pale bado, mwalimu," Kastori akajibu.

"Wiki tatu, mukatafuta fasi yote isipokuwa pale?"

Walipanda. Pale kichakani, chini ya majani, palikuwa na shimo. Urbano akalipima urefu, akalipima upana, akamtazama Kastori.

"Labda ni mmomonyoko," Kastori akasema.

"Mumomonyoko ya namna gani inabeba jiwe na inaacha udongo?"

Jua lilikuwa kali, na nyumba ya karibu ilikuwa ya Jovina. Kastori alipendekeza nyumba nyingine, ya mbali zaidi, lakini Urbano alikuwa ameshaanza kuteremka. Jovina aliwakaribisha, akatoa viti viwili na kibuyu cha pombe ya ndizi. Urbano akakaa kitini. Kastori akaenda moja kwa moja kukaa juu ya jiwe la kufulia.

"Katekista, hapo pana sabuni bado," Jovina akasema.

"Pananifaa tu, mama Vumilia."

"Kiti hicho hapo."

"Nimezoea chini."

Jovina akamgeukia mgeni. "Mwache, mwalimu. Naona leo anaatamia."

Urbano alicheka, akanywa, kisha akatandaza ramani yake magotini. "Basi, jiwe imepotea. Sasa tutafanya vile wanafanyaka: tunapiga mustari wa kunyooka, kutoka jiwe ya nane mpaka ya kumi." Akapitisha kidole. Kilipita upande wa bondeni wa nyumba ya Jovina, karibu na mgomba wa mwisho. "Voilà. Mama, kuanzia Siku ya Mungu inayokuja we uko mukristo wa Gahororo. We na nyumba zingine makumi mbili."

Jovina alikuwa kiongozi wa kwaya ya kigango tangu mwaka aliorudi. Jumapili zote hizo Kastori alisoma matangazo akiwa mbele, naye akiimba upande wa kulia, na hapakuwa na siku nyingine ya wiki ambayo Kastori aliifulia shati kwa bidii hiyo.

"Gahororo," Jovina akasema polepole. "Nasikia wao wana kinanda."

Kastori akasimama. Suruali yake ilikuwa imelowa nyuma, povu likimtiririka hadi magotini, lakini hakuligusa.

"Mwalimu, usipige mstari."

"Kwa nini nisipige?"

"Jiwe la tisa ni hili. Nililing'oa mimi."

Urbano aliweka kibuyu chini, akapiga magoti palepale kwenye maji ya sabuni, akaingiza vidole chini ya jiwe, akafumba macho. Kisha akamwambia Kastori alete mtaimbo. Walipoligeuza, wadudu wakakimbilia pembeni, na chini ya udongo mweusi vikatokea msalaba, namba tisa, R na G, vyote vizima, kana kwamba vilichongwa mwaka jana. Jiwe lililokuwa limefichwa lilikuwa limehifadhika kuliko yale kumi na moja yaliyokaa kwenye mvua. Urbano akavua kofia.

Kastori alimtazama Jovina, akingoja mshangao. Haukuwepo.

"Ulijua?" akamuuliza.

"Tangu mwaka wa pili. Kipande cha sabuni kilitumbukia chini, nikaingiza mkono, nikagusa msalaba. Nikasema, mama yangu, huyu bwana ameniletea kaburi la mtu."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Nilidhani itachukua wiki moja."

Kastori akafungua kifungo cha juu cha shati, jambo ambalo Jovina hakuwahi kuliona.

"Na uliling'olea nini?" Jovina akamuuliza.

"Ulikuwa unafulia kwenye tope."

"Ni hilo tu?"

Urbano, bado kapiga magoti, akatoa kalamu. "Hii swali iko muzuri. Endelea, mi naandika."

"Usiandike, mwalimu," Kastori akasema. "Nilitaka nipate sababu ya kupita hapa. Na siku ile nilitaka kukuomba tuishi pamoja, nikashindwa. Kesho yake nikashindwa tena. Basi ikawa hivyo."

Jovina aliokota beseni lake, akamwaga maji yaliyobaki, akalifuta kwa kanga taratibu kuliko ilivyohitajika.

"Nimesikia," akasema. "Nitakujibu nikimaliza kuvuna maharage. Kwanza rudisheni jiwe la watu."

Padri Elias alipoelezwa, alijitahidi kukunja uso. Kitubio alichotoa ni kwamba Kastori asimulie mwenyewe mbele ya waumini, siku ya Jumapili. Kastori alisimulia yote, hata povu, ila lile swali la mwisho aliliruka; halikusaidia, maana kilima kizima kilikuwa kimeshalisikia. Alipofika penye laana ya anayesogeza mpaka, mzee mmoja akasema kwa sauti kutoka nyuma: "Laana imempata! Miaka kumi na sita bila mke!" Kanisa likacheka, na Padri akageukia ukutani kidogo.

Kulishusha jiwe kulikuwa kumehitaji mtu mmoja na mtaimbo. Kulipandisha kulihitaji wanaume kumi, kamba na miti. Watu wa Gahororo nao walikuja kusaidia, ingawa walikuwa wamesikia jinsi walivyokaribia kumpata kiongozi wa kwaya, na wengine walisukuma kwa moyo nusu. Lilipokaa shimoni, Husni, fundi Mwislamu wa Muyinga mjini anayechonga mawe ya makaburi, alipiga patasi kidogo kwenye herufi ili ziwe wazi. Akamuuliza Padri kama aongeze jina la aliyelirudisha.

"Hakuna haja," Padri akasema. "Wanaolijua wanatosha."

Maharage yalivunwa mwezi wa sita. Kastori alijikuta akipita kwa Jovina kila siku kuuliza kama yamekauka, na kila siku akaambiwa bado kidogo. Siku ya kumi alimkuta anayapiga kwa fimbo juu ya mkeka, maganda yakimrukia kichwani.

"Jibu ni ndiyo," Jovina akasema bila kuacha kupiga. "Lakini sihami. Nimehamishwa kambi tatu na nchi mbili, na kila mara nabeba masufuria yale yale. Safari hii hama wewe."

"Nitahama," Kastori akasema upesi, akiogopa asije akazungumzia kitu kingine.

Walifunga ndoa baada ya jubilei. Urbano alikuja kutoka Gitega, akatoa hotuba ndefu kuhusu mipaka ya parokia, mpaka wapishi wakamkonyeza Padri. Jumatatu yake Kastori alihamisha vyombo kwa baiskeli, safari nne, ya mwisho ikiwa ya kitanda. Kitanda kilikataa kupita mlangoni. Wakakijaribu kwa ubavu, wakakijaribu kwa kichwa, Kastori akaanza kusema labda alale uani, mvua haijakaribia. Jovina akaingia ndani, akarudi na msumeno, akamwambia akishike vizuri.