Nishikie Macho

Benchi lilikuwepo. Naanza nalo kwa sababu wapo wanaosema halikuwepo, na wengi waliolikalia wameshatoka kazini au wameshatoka duniani. Lilikaa ukutani, nyuma ya mashine ya pasi, ubao mrefu uliolainishwa na makalio ya wanawake. Mbele ya kila mashine kulikuwa na watu watatu: wawili wanafanya kazi, mmoja amekaa. Ukichoka, unabadilishana na aliyekaa. Hakuna aliyeita kukaa huko uvivu. Ilikuwa ndiyo kazi yenyewe.

Kiwanda chetu kinafua mashuka ya hospitali na ya mahoteli. Yanaingia machafu kwa mlango wa nyuma, yanatoka meupe kwa mlango wa mbele, na katikati tupo sisi. Mashine ya pasi tunaiita gogo. Ni chuma cha mviringo, kinene kuliko mtu, chenye moto ndani, kinachozunguka bila kupumua. Wawili husimama mbele yake, kila mmoja na pembe yake ya shuka, wananyoosha, wanalilisha. Gogo linameza. Upande wa pili, mimi nakunja.

Siku moja akaja bwana mmoja na saa mkononi. Akatutazama asubuhi nzima, kisha akauliza yule aliyekaa anafanya nini. Msimamizi akamjibu kwamba anapumzika. Yule bwana akatabasamu kama mtu aliyeokota kitu njiani. Haikupita muda benchi likaondolewa, na wale wa tatu wakaondoka nalo. Gogo halikupunguza mwendo.

Ndipo wanawake wakabuni kibanio. Ni kibanio hiki hiki cha kuanikia nguo, cha mbao, kinabanwa kwenye ukosi. Aliyekivaa ndiye mwenye macho: anaangalia vidole vya wote wawili, na mwenzake ana ruhusa ya kusinzia wima, mikono ikiendelea kwa mazoea. Mwenye kibanio akizidiwa, anambandika mwenzake kibanio na kumwambia, "Nishikie macho." Mwenzake anaitikia kwa kichwa. Basi. Kama unadhani mtu hawezi kulala amesimama huku mikono inafanya kazi, una bahati, na nakuombea ubaki nayo.

Upande wa kushoto wa gogo alikuwa wifi yangu, mke wa kaka yangu. Upande wa kulia alikuwa mama mmoja wa makamo tuliyemwita Kinanda, kwa kuwa midomo yake haikujua kutulia: asipoimba, anasengenya. Kaka yangu alianguka kutoka kwenye jengo alilokuwa akilijenga, na tangu siku hiyo hana nguvu kuanzia kiunoni kwenda chini. Mtu wa namna hiyo asipogeuzwa kitandani, ngozi inaoza akiwa hai. Tunaishi nyumba moja, kwa hiyo wifi na mimi tuligawana usiku: mimi namgeuza nusu ya kwanza, yeye nusu ya pili. Kisha kuna watoto, kuna maji ya kuchota, kuna njia ndefu ya kwenda kazini kwa miguu.

Asubuhi ya mkasa ninaousimulia, tuliitwa sote kwenye chumba cha kulia. Kiwanda kilikuwa kimemleta mtaalamu wa afya, msichana mpole mwenye viatu laini, na upole wake simlaumu. Akatueleza kwamba uchovu wa watu wazima umekuwa janga, na kwamba chanzo kikubwa ni mtindo wa maisha. Tulale mapema. Tuzime simu. Tule matunda. Tujitahidi kutembea walau kidogo kila siku.

"Kutembea," Kinanda akaninong'oneza. "Mwambie aje anisindikize kwangu. Atatembea mpaka asahau kwao."

Mtaalamu akamchagua wifi. "Na wewe mama, kabla hujalala huwa unafanya nini?"

"Namgeuza mume wangu," wifi akasema.

Chumba kizima kikaangua kicheko. Wengine walipiga meza. Wifi mwenyewe alicheka, uso kaufunika kwa viganja. Mtaalamu naye akacheka, akasema hata hilo lina faida kwa afya, akahamia kwa mwingine. Hakuuliza anamgeuza vipi.

Tulipotoka, msimamizi akaongeza mwendo wa gogo ili kufidia muda tuliopoteza tukifundishwa kupumzika.

Nilikuwa nawaona wote wawili kupitia mvuke. Kinanda alikuwa na kibanio, anaimba. Kisha akanyamaza, na nikajua amezidiwa. Akabandua kibanio chake, akanyoosha mkono, akakibana kwenye ukosi wa wifi.

"Nishikie macho, mwanangu."

Wifi akaitikia kwa kichwa. Macho yake yalikuwa wazi. Mimi mwenyewe niliyaona. Baadaye ndipo tulipoelewa kwamba kichwa kile hakikuitikia, kilianguka. Wifi alikuwa amejifunza kulala macho wazi ili msimamizi asimtambue, na alijifunza vizuri hata sisi wenzake hatukumtambua. Kinanda alimkabidhi macho mtu aliyelala, kisha naye akalala. Kati ya wale watatu, likabaki gogo peke yake lililo macho.

Shuka likaingia, na mkono wa kushoto wa wifi ukalifuata. Hakupiga kelele mara moja. Usingizi ulichelewa kumpa habari. Mimi nilisikia harufu kabla ya sauti. Nikakipiga kwa ngumi kitufe chekundu cha kuzimia gogo.

Hospitali nilimkuta amelala, mkono umefungwa bandeji mpaka umekuwa mkubwa kama kichwa cha mtoto. Vidole vitatu vilikuwa vimeondolewa. Shuka alilolalia lilikuwa letu. Mikunjo yake ilikuwa mikunjo yangu.

"Wanawaita lini?" akaniuliza.

"Kesho, kwa meneja."

"Utasema habari za benchi."

"Nitasema zote. Benchi, kibanio, yule bwana wa saa. Safari hii hawana pa kujificha, wifi. Mkono wako ni shahidi."

"Mkono wangu ni mkono," akasema. "Ukiwaambia tulikuwa tunasinzia, wataandika kwamba nililala kazini. Aliyelala kazini kiwanda hakimtibu na wala hakimrudishi. Sasa huyo kaka yako tutamlisha hotuba?"

"Na nisiposema, kesho utaungua mkono wa nani?"

"Sijui wa nani. Huu ni wangu." Akafumba macho. "Waambie hatukuchoka."

Ofisi ya meneja ina viti vingi, lakini tulisimama, mazoea. Kibanio kilikuwa mezani, na meneja alikuwa anakichezea, anakifungua na kukifunga.

"Hiki ni nini?"

"Kibanio," Kinanda akasema.

"Naona ni kibanio. Kilikuwa kwenye ukosi wake."

"Ukosi wake mpana, meneja. Tunaubana usije ukanasa kwenye mashine. Mnatwambia kila siku tuangalie usalama."

"Alikuwa anasinzia?"

"Asinzie mbele ya moto ule? Hata kuku kwenye chungu hasinzii."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa naimba. Uliza yeyote, wote nimewachosha."

Msimamizi akainamia viatu vyake. Meneja akanigeukia mimi. "Wewe ndiye mwenye maneno humu ndani. Haya, sema. Watu wanaendesha mashine ile wakiwa wamechoka?"

Swali hilo nimelisubiri tangu siku walipobeba benchi. Sikusomeshwa; nimejisomea kwenye magazeti yaliyofungiwa sabuni, kwenye vitabu visivyo na majalada, na yote niliyosoma niliyasoma kwa ajili ya swali hilo. Jibu lake nilikuwa nalo kifuani, refu, lina kila mwanamke aliyewahi kukaa kwenye ule ubao na jinsi alivyoondoka. Kinanda alikuwa ananitazama.

"Hapana," nikasema. "Hatukuchoka."

Meneja akashusha pumzi na kuanza kuandika. Kwa wepesi wa mkono wake nikajua nimempa kile kile alichokuwa anakitafuta. Ajali, hakuna mwenye kosa. Wifi angetibiwa, na akipona angerudi, akae mlango wa nyuma akichambua mashuka machafu kwa mkono uliobaki. Na kiwanda sasa kina kauli ya wanawake wenyewe kwamba hawachoki. Walilitoa benchi wao. Kulizika nimelizika mimi. Sina hasira na wifi, msinielewe vibaya. Hasira yangu ni kwa waliouweka mkono wake na ukweli kwenye mizani moja, kisha wakakaa pembeni kusubiri upi utainuka.

Pale ukutani palipokuwa na benchi wamebandika picha aliyoiacha yule mtaalamu: mwanamke kalalia mto, anatabasamu.

Mimi nimehamishiwa upande wa kushoto wa gogo, mahali pa wifi. Nyumbani namgeuza kaka nusu zote mbili, kwa kuwa mwili wa mwanamume haugeuziki kwa mkono mmoja. Wifi anashika taa na kuniomba radhi, na mimi namwambia anyamaze.

Siku yangu ya kwanza, Kinanda alikuja na kibanio kipya. Haimbi tena. Ilipokaribia adhuhuri akakibandua kwenye ukosi wake, akakibana kwenye wangu.

"Nishikie macho."

Nikaitikia kwa kichwa. Hakusinzia.

"Kichwa sikitaki," akasema. "Sema."

"Nimeshika."

"Rudia."

"Nimeshika, mama."

Akanichungulia machoni kama mtu anayechungulia kisima kuona kama kina maji. Kisha kope zake zikashuka, mikono yake ikaendelea, na mashuka yakaja, meupe, moja baada ya jingine.

Wakati wa kula akaniambia nilimjibu vizuri. Akasema kila alipozinduka alinisikia nikisema nimeshika, nimeshika, hata kabla hajaniuliza.

Mimi nakumbuka zile mara mbili tu.