Kidole cha Pili

Kanuni ya kwanza niliwachorea chini: duara. Unanyoosha mkono, unajizungusha. Mtu akiingia humo, kisu kinafungwa. Kanuni ya pili: makali yaende mbele, mbali na tumbo. Watoto wa kaka yangu, msichana wa miaka tisa na mdogo wake wa saba, walikuwa bustanini kwangu wakichonga vijiti vya kutobolea mashimo ya mbegu.

"Shangazi, changu kimetoka kama mkuki," alisema mdogo.

"Ni cha maharage hicho. Usijitie ushujaa."

Kaka aliniachia watoto kwa sharti moja. "Wafundishe kuchonga, dada. Hasira zako ziache ndani. Ukiwatia sumu, hutawaona tena." Niliapa. Sina watoto wengine.

Basi akaingia jirani. Huyu ndiye aliyekuwa msimamizi wa karakana ya samani nilikofanya kazi, mvunja mgomo wetu, miaka ishirini na miwili sasa. Vidole vyangu viwili vya kushoto alivibana juu ya benchi, akavipiga nyundo ya mbao, kimoja kimoja, wenzangu wakitazama viatu vyao. Vimepinda mpaka leo. Yeye alipewa cheti cha utumishi bora.

"Tawi hilo mnalochonga limedondoka kutoka kwenye mti wangu," alisema. "Kumbe ni wezi ukoo mzima."

"Umekanyaga duara," mdogo alimwambia, kwa adabu, kama nilivyomfundisha.

Akamzaba kofi. Mtoto akaangukia maranda, pua ikimwaga damu.

Nilifunga kisu changu. Hilo mlijue: nilikifunga, nikakiweka chini. Kisha nikanyakua kigoda nikamtandika nacho goti, na alipoinama nikamtandika sikio. Alianguka kifudifudi kwenye tuta la vitunguu. Nikamkalia mgongoni, nikauvuta mkono wake wa kushoto mpaka kwenye gogo la kuchongea. Nyundo yangu ya mbao ilikuwa palepale.

"Dada, tuyamalize," alisema, mdomo umejaa udongo.

"Ndiyo tunayamaliza."

Kidole kilitoa mlio wa kijiti kikavu. Akapiga yowe. Sitawadanganya ninyi mnaosoma: nilisikia utamu. Nikainua nyundo kwa kidole cha pili.

"Shangazi," alisema mdogo nyuma yangu, "hicho niachie mimi."

Nikageuka. Damu ilikuwa imemfika kidevuni. Alikuwa amekifungua kisu changu, amekikamata kwa ngumi, ncha chini, mshiko ambao sikumfundisha. Dada yake naye alikuwa amekwisha kumkanyaga yule mtu kifundo cha mkono, asiuvute.

Nikaiweka nyundo chini.

"Nipe kisu, mwanangu."

"Lakini amenipiga."

"Nipe."

Alichukua muda kukiachia. Nikainuka mgongoni mwa yule mtu, akatoka akijikokota, mkono kifuani.

Kaka alipokuja nilimweleza mwenyewe, neno kwa neno, asije akasikia kwa jirani. Aliinama akawafunga watoto viatu, msichana kwanza. Vijiti vyao vilibaki juu ya gogo.

Langoni mdogo aligeuka kuniaga. Alinipungia mkono, ngumi imekunjwa.