Siku Badibanga Hakuitika

Jumamosi ile Tata Nkulu, kocha wetu, alisoma majina ya kikosi pale barazani kama kawaida, na alipofika kwa Badibanga hakuna aliyeitika. Alisoma tena. Tulitazamana.

"Mbayo," akaniambia, "mwenzako iko wapi?"

Nilijua alipo. Mimi na Badibanga tulicheza pamoja kama mabeki wa kati kwa miaka mingi, na chumba alichokaa kilikuwa uani kwangu, hapa mtaa wa Manika. Asubuhi nilikuta mlango wake umefungwa kwa kamba, na Adolphine, mke wangu, akasema amemwona akitoka na godoro kichwani.

"Iko ku gare, Tata."

Wachezaji wawili wakacheka, wakidhani natania. Mwaka ule wa tisini na tatu hakuna aliyekwenda gare, stesheni ya garimoshi, kwa hiari yake. Watu wenye asili ya Kasai walikuwa wakifukuzwa Kolwezi, hata waliozaliwa hapa, hata wale ambao babu zao waliletwa na Wazungu kuchimba shaba. Walilala kando ya reli kwa maelfu, wakingoja garimoshi. Badibanga alikuwa wa kwao. Ila rais wa timu yetu ya Nyuki alikuwa amezungumza na wakubwa, na timu ya Mutoshi ikafanya vilevile: Mkasai aliye katika kikosi haguswi mpaka ubingwa uishe. Anayecheza anabaki. Asiyecheza aende.

Jumapili iliyotangulia tulikuwa tumecheza na hao Mutoshi. Kazadi, mshambuliaji wao, naye alikuwa Mkasai. Alikaa na mama yake mzee, Mama Kabedi. Tangu mwanzo wa mchezo yeye na Badibanga hawakutulia, na hawakutazamana machoni.

Niseme kidogo jinsi Badibanga alivyocheza. Alijua kuteleza: anakuja kutoka ubavuni, mguu chini, mpira unatoka kwanza, mtu anaanguka baadaye. Kisha anamnyoshea mkono yule aliyeanguka na kumsimamisha, hata kama mpira bado unachezwa. Jambo hilo lilimkasirisha sana kocha.

"Weye unainuaka bantu," Tata Nkulu alikuwa akimwambia. "Siku moja utainua mutu, na mwenzake anatia goli."

"Sasa nimuache mu vumbi, Tata? Mama yake iko anaangalia."

Jumapili ile kipa wetu alitoa mpira mfupi, ukabaki kati ya Badibanga na Kazadi. Wote wawili waliuendea. Hakuna aliyepunguza mbio. Badibanga aliupata kwanza, mwamuzi hata hakupiga filimbi, lakini mguu wa Kazadi ulibaki chini yake na tulisikia mfupa. Badibanga akanyosha mkono. Kazadi akautazama ule mkono.

"Leo acha," akasema. "Leo huwezi."

Hospitali walimfunga plasta. Wiki haikuisha, Mutoshi wakaliondoa jina lake kikosini, na vijana wenye marungu wakaenda kumwambia yeye na mama yake wafungashe.

Sasa Tata Nkulu alikuwa amesimama mbele yetu, karatasi mkononi.

"Enda umuambie namba yake naichunga mpaka kesho saa sita," akaniambia. "Kisha saa sita sina nguvu tena."

Nilikwenda nusu nikitembea, nusu nikikimbia. Gare ilikuwa moshi wa kuni, masufuria, vitanda vimesimamishwa wima, hata milango ambayo watu waling'oa majumbani mwao wasiiache. Nilimkuta Badibanga akitoka chooni, Kazadi mgongoni.

"Angalia," Kazadi akaniambia kutoka juu ya mgongo. "Amenivunja, sasa amekuwa taksi yangu. Na hajue kuendesha."

"Nyamaza, utaanguka."

Alimlaza kwenye lile godoro lake, akaunyosha mguu wa plasta taratibu. Nikampa maneno ya kocha.

"Gari ikikuya nitamupandisha ku dirisha, kisha narudia," akasema. "Mama Kabedi hawezi kumubeba. Hauone vile bantu banapigana ku mulango?"

"Na isipokuya leo?"

"Itakuya."

Mama Kabedi alikuwa akichambua mboga. "Mwana, enda ucheze," akamwambia bila kuinua macho.

Badibanga alichukua ndoo akaenda kupanga mstari wa maji.

Jumapili asubuhi nilirudi. Garimoshi lilikuwa halijaja. Nilimwambia mimi nibaki na Kazadi, yeye aende.

"Weye? Bale benye marungu bakikuona unabeba Mukasai, batakufanya nini?" Akacheka kidogo. "Na namba tano atacheza nani, Adolphine?"

"Badi, saa inapita."

"Ni mi nilimuangusha," akasema, akageuka.

Saa sita Tata Nkulu aliniona nikiingia peke yangu. Alimpa Stany, mchezaji wa akiba, jezi namba nne ya Badibanga. Tulishinda, nadhani, sikumbuki nani alifunga. Nilicheza mchezo mzima nikitazama upande wa reli.

Tangu hapo Badibanga hakuwa tena mtu wa kikosi, na gare ikawa kwake. Kila jioni baada ya mazoezi nilipeleka bukari, ugali wetu, aliyopika Adolphine. Gari halikuja. Mvua iliwanyeshea, maji ya kunywa yakachafuka, kuhara kukaanza, kwanza kwa watoto. Badibanga aliwabebea watu maji, akawabeba na wagonjwa wao. Jioni moja, naye akihara, alikataa bukari, akasema ataila asubuhi. Kesho yake nilikuja na mkokoteni nimpeleke hospitali. Kazadi alikuwa ameketi, kichwa cha Badibanga mapajani mwake, naye hakutania.

"Namuita," akaniambia. "Namuita, haitike."

Mkokoteni ule ulimpeleka makaburini. Tata Nkulu alikuja, na Stany alikuja na ile jezi, akataka kuirudisha. Tulimwambia abaki nayo.

Gari lilikuja siku chache baadaye, limejaa hata kabla ya kusimama. Nilimwinua Kazadi mpaka dirishani. Mama Kabedi, aliyetangulia kuingia, akaupokea mguu wa plasta. Kijana mwenye rungu akanishika bega, akauliza kama na mimi ni Mkasai.

"Mi nachezaka namba tano ya Nyuki," nikamwambia.

Alinitazama sana, akaniachia. Nilipogeuka, gari lilikuwa limeanza kwenda.

Kazadi sasa yuko Mwene-Ditu, kule Kasai, anauza vipuri vya pikipiki, na anachechemea. Kaburi la Badibanga liko hapa Kolwezi. Kila mwaka mvua zikiisha nalipalilia.